Kalamu nayo ina nasaba yake

Sisi watu wa pwani twapenda nasaba. Mtu akija kuposa, kabla ya kuulizwa ana nini huulizwa ni nani: baba yake nani, babu yake nani, mama yake katoka mtaa gani. Na wazee wetu hawakuridhika na jibu la mdomo tu. Walimtuma mtu akachungue, kwani aliyejitungia ukoo mtukufu hashindwi kuutaja. Hushindwa pale anapoulizwa jina la tano au la sita.

Leo nataka tuzungumze juu ya nasaba ya kitu ambacho wengi wetu tunacho majumbani bila kukijali, nacho ni kalamu ya wino. Sisemi bairo, ambayo ikiisha hutupwa. Nasema ile kalamu ya zamani yenye kifuniko na nibu ya dhahabu, ambayo baba zetu waliichomeka katika mfuko wa koti ili kila mtu ajue kwamba mwenye koti ni mtu wa kusoma na kuandika. Nyingi katika hizo zina majina ya Kimarekani: Parker, Sheaffer, Waterman. Nimezikusanya kwa zaidi ya miaka 20, na sasa ninazo 31. Msomaji asidhani kwamba mimi ni tajiri. Baadhi yake nilizipata kwa bei ya ratili ya nyama, na moja nilipewa bure na fundi wa saa aliyekuwa akitaka kuitupa.

Lakini kukusanya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, nayo ndiyo ngumu, ni kujua ulichokikusanya.

Kutoka tete hadi dhahabu

Kalamu si mgeni kwetu. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na Wayunani wa kale nao walisema kalamos, maana yake tete. Kwa tete iliyochongwa kwa kisu, waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, walinakili misahafu ambayo mpaka leo husifiwa kwa uzuri wa khati. Ndani ya Kurani mna sura nzima iitwayo Kalamu. Mimi mwenyewe chuoni nilianzia kwenye ubao, kwa kalamu ya tete na wino wa masizi. Mwalimu wetu alikuwa akikagua ncha kabla hajakagua herufi.

Kalamu ya tete, na ya chuma iliyoifuata, ilikuwa na udhia mmoja: kila baada ya maneno machache sharti uichovye kidauni. Watu wa makamo watakumbuka yale madawati ya shule yenye tundu pembeni. Tundu lile lilikuwa la kidau cha wino. Mafundi wa Ulaya na Marekani walihangaika muda mrefu wakitafuta njia ya kukitia kidau ndani ya kalamu yenyewe. Shida haikuwa kuuingiza wino, bali kuutoa kwa kiasi. Wino hautoki vyema mpaka hewa iingie kushika nafasi yake. Hewa ikiwa chache kalamu hukauka, ikizidi wino humwagika na kuharibu karatasi. Lewis Edson Waterman wa New York alipata hataza mwaka 1884 kwa kijiulimi kikaacho chini ya nibu, chenye mifereji myembamba ambamo wino hushuka na hewa hupanda.

Wakafuata wengine. George Parker alikuwa mwalimu wa telegrafu mjini Janesville, katika jimbo la Wisconsin. Alichoka kutengeneza kalamu mbovu alizowauzia wanafunzi wake, akaanzisha kampuni yake mwaka 1888. Walter Sheaffer alikuwa muuza vito katika mji wa Fort Madison, jimbo la Iowa. Mwaka 1908 alipata hataza ya kijiti cha chuma kilichowekwa ubavuni mwa kalamu. Ukikiinua hukamua kifuko cha mpira kilichomo ndani; ukikirudisha, kifuko hutanuka na kunyonya wino. Kabla ya hapo wengi walijaza kalamu kwa kidonyezi, kama mtu atiaye dawa ya macho, na vidole vikachafuka.

Mwaka 1921 Parker wakatoa kalamu kubwa nyekundu iitwayo Duofold kwa bei ya dola 7, wakati kalamu nyingi zilikuwa nyeusi tupu. Mwaka 1941 wakaanza kuuza Marekani ile ambayo ilienea duniani kote, Parker 51. Nibu yake imefichwa ndani ya mwili, ikachungulia kidogo tu kama jicho nyuma ya barakoa, ili wino usikauke njiani. Bei yake ilikuwa dola 12 na senti 50.

Nani kasema?

Wapenzi wa kalamu wana kisa kimoja maarufu. Yasemwa kwamba Waterman alikuwa wakala wa bima. Siku moja akampa mteja kalamu atie sahihi mkataba mkubwa, kalamu ikamwaga wino, mkataba ukachafuka. Alipokwenda kuleta karatasi nyingine, wakala mwingine akamnyang'anya mteja. Kwa hasira akaenda akabuni kalamu isiyomwaga.

Ni kisa kitamu, na kimeandikwa katika vitabu na magazeti mara zisizohesabika. Lakini katika karne hii walitokea watafiti waliofukua magazeti ya zamani, hati za mahakama na matangazo ya biashara, wakauliza swali moja tu: nani kasema? Mkataba ule uliomwagiwa wino hawakuuona katika maandishi ya wakati ule. Walichokiona ni kwamba kisa kilikuja baadaye, nacho kikavuma kupitia matangazo ya kuuzia kalamu.

Sisi tuliosoma chuoni swali hili si geni kwetu. Wanazuoni wa hadithi hawakuipokea habari kwa kuwa ni nzuri. Waliuliza imepokewa kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani, na je, wawili hao waliwahi kukutana? Sifananishi kitu kitukufu na kitu cha dukani, Mungu aniepushe. Nasema tu kwamba njia ya kuitafuta kweli ni moja. Na kalamu ina wasifu wake mwilini, kwa anayejua kuusoma: jina la kampuni na la nchi lililochapwa ubavuni, umbo la kibanio, namna ya kujazia wino, maandishi juu ya nibu. Parker wa Marekani kwa miaka mingi walichapa hata tarakimu ya mwaka. Alama hizo ni mashahidi wasiohongwa.

Safari ya Nyaramba

Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi Mombasa aliniona siku moja nikiandika kwa Parker yangu. Akaniambia, "Sheikh, hiyo iko kwetu pia. Babu yangu anayo, na yake ni ya historia." Kwao ni Nyaramba, katika kaunti ya Nyamira, nchi ya Abagusii, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii. Akanieleza kwamba kalamu ile alipewa baba wa babu yake mwaka 1938 na mkubwa mmoja wa serikali ya Kiingereza, kwa kazi njema ya ualimu katika shule ya misheni. Tena akaniambia jambo la pili. Kapatikana mnunuzi wa ng'ambo, kwa njia ya simu, aliye tayari kulipa fedha nyingi iwapo historia hiyo itathibitishwa kwa maandishi na mtu ajuaye kalamu. Dada yake mdogo alikuwa kapata nafasi katika chuo cha ualimu na karo haikuwapo. Alitaka nikaitazame kalamu, kisha nitie sahihi yangu.

Nilipanda basi hadi Nairobi, kisha Kisii, kisha matatu. Kwa mtu wa pwani, nchi ile ni ajabu ya Mungu. Hakuna mahali pakavu. Milima imevikwa chai kama zulia, migomba imeshuka mpaka mtoni, na baridi ya asubuhi hukufanya uutafute moto kama paka. Nilipokewa kwa "Bwakire" na kwa ukarimu mkubwa. Walijua mimi ni Mwislamu. Kuku alipoletwa nilikabidhiwa kisu nichinje mwenyewe, kisha akapikwa kwa sufuria jipya lililonunuliwa sokoni kwa ajili yangu. Nikala na ugali wao wa wimbi na mboga ya chinsaga, ambayo uchungu wake ukishauzoea huwezi kuuacha.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa miaka 88, mwalimu mstaafu kama baba yake. Watu wa pale humwita Omogaka, yaani mzee wa heshima, nami nikamwita Mzee Mwalimu. Baada ya chakula akatoa mkebe wa majani ya chai, na ndani yake kitambaa, na ndani ya kitambaa kalamu.

"Hii, bwana mwandishi," akasema, "ndiyo heshima ya nyumba hii."

Kalamu inapotoa ushahidi

Ilikuwa ya rangi ya kijivu, kifuniko cha chuma kinachong'aa, kibanio cha umbo la mshale. Nibu imefichwa. Nikajua papo hapo kwamba ni Parker 51, na moyo ukanishuka.

Jina hilo la 51 lina maana. Kampuni ilianza mwaka 1888; mwaka 1939 ikatimiza miaka 51, na kalamu iliyokuwa ikitengenezwa wakati huo ikapewa jina la miaka hiyo. Kwa hiyo mwaka 1938 hapakuwa na mtu yeyote duniani, awe gavana au mfalme, aliyeweza kumzawadia mwalimu wa Nyaramba Parker 51.

Nikaomba ruhusa kuifungua. Ndani nikaona bomba la chuma lenye upapi wa kubonyeza, na chini yake kifuko cha plastiki kinachopitisha mwanga. Namna hiyo ya kujazia ilianza mwaka 1948. Za kabla yake zilikuwa na kitufe cha kusukuma nyuma. Na maandishi yaliyochapwa yalisema imetengenezwa Uingereza. Hili nalo ni ushahidi. Baada ya vita vya pili vya dunia, dola zilikuwa adimu katika nchi zilizotumia fedha ya Kiingereza, na Kenya ilikuwa mojawapo. Bidhaa za Marekani zilizuiliwa. Parker walikuwa na kiwanda mjini Newhaven, kusini mwa Uingereza, na huko ndiko zilikotoka Parker nyingi zilizouzwa katika makoloni. Ndiyo maana kalamu nyingi za baba zetu zina jina la Kimarekani na cheti cha kuzaliwa cha Kiingereza.

Wahenga walisema, njia ya mwongo fupi. Lakini hapa hapakuwa na mwongo. Mzee alisema alichokisikia, kwa nia safi, mbele ya wajukuu zake. Na kijana alikuwa akinitazama, macho yake yakiwa na karo ya dada yake ndani. Kutia sahihi ilikuwa kazi ya dakika moja, na mnunuzi alikuwa mbali. Nikafikiri hivi: shahidi hutakiwa aseme alichokiona, si kile ambacho wenyeji wake wangependa akione. Nikamwambia Mzee Mwalimu yale niliyoyaeleza hapa, polepole, nikimwonyesha kila alama kwa kioo cha kukuzia.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Basi baba yangu alisema uongo?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, kalamu haisemi hivyo. Kalamu yasema ilitengenezwa mwaka 1948 au baada yake. Yaliyobaki tuwaulize walio hai."

Barua, si kalamu

Aliyekuwa hai ni dada yake mkubwa, mama wa miaka 90 na ushei, ambaye nyumba yake haikuwa mbali. Tukaenda asubuhi yake. Macho yamepungua nuru, lakini kumbukumbu zake ni kali kama wembe. Mjukuu alipomwekea kalamu mkononi, aliipapasa, akacheka.

Akasema kwa lugha yake, nami nikatafsiriwa: "Hii ndiyo iliyomkosesha mama yetu blanketi."

Basi akatusimulia. Baba yao alikuwa na shamba la kahawa. Abagusii ni miongoni mwa Waafrika wa kwanza katika Kenya kuruhusiwa kulima kahawa, katika miaka ya 1930, wakati ambapo zao hilo lilihodhiwa na walowezi. Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri. Baba akaenda mjini Kisii na fedha za kahawa, akiwa ameahidi kurudi na blanketi zito la mkewe. Akarudi na kalamu, aliyoinunua katika duka la Mhindi. Mama akanuna wiki nzima. Ulikuwa mwaka gani? Mwaka mmoja kabla ya bibi huyo kuolewa. Na yeye aliolewa mwaka 1953. Hesabu ikaangukia mahali pake.

"Na ile zawadi ya mwaka 1938?" nikauliza.

"Alipewa barua," akasema. "Barua ya sifa, yenye muhuri. Ilitundikwa ukutani mpaka mchwa wakaila."

Jambo likawa wazi. Barua ilikufa, kalamu ikaishi, na sifa ikahama kutoka kwa marehemu ikamwingia aliye hai. Hivyo ndivyo visa vingi huzaliwa, cha Waterman na vyetu sisi. Hakuna aliyekusudia kudanganya.

Njiani kurudi Mzee Mwalimu alitembea kimya, akiegemea fimbo yake. Kisha akasimama kati ya michai, akasema, "Kwa hiyo hakupewa na Mzungu. Alijinunulia." Akalirudia neno hilo mara mbili, na mara ya pili sauti yake ilikuwa imebadilika. Nami nikamtungia ubeti huu, ambao alinitaka niuandike kwa kalamu ile ile:

Kalamu hii ya baba, aliinunua yeye,
Si tunu wala si hiba, ya mkubwa ampaye,
Kwa buni zilizoshiba, zake yeye alimaye,
Na hiyo ndiyo nasaba, msimulie ajaye.

Kijana alimwandikia mnunuzi habari ya kweli. Mnunuzi akashusha bei mpaka ile ya kawaida, kwani Parker 51 zilitengenezwa kwa mamilioni na si adimu. Babu akakataa kuiuza. Karo ya binti ililipwa nusu kwa bonasi ya chai, na nusu nyingine ilikuwa bado deni nilipoagana nao. Siwezi kusema kwamba kweli ililipa karo, haikulipa. Lakini nyumba ile sasa ina kitu ambacho haikuwa nacho: daftari lenye kurasa mbili, zilizoandikwa na mjukuu kwa kinywa cha bibi yake, zikitaja kahawa, duka, blanketi na mwaka. Limewekwa ndani ya mkebe, pamoja na kalamu.

Kwa wenye makasha

Wasomaji wangu, nanyi mna makasha. Katika nyumba za Mombasa, Lamu, Malindi, Tanga na Unguja zimo kalamu za makarani wa bandari, za makadhi, za walimu na za wafanyabiashara. Mkiipata moja, fanyeni haya.

Msiioshe kwa maji ya moto. Kalamu za zamani sana ni za mpira mgumu, na maji ya moto huufanya ule weusi wake kuwa wa hudhurungi. Tumieni maji baridi, mjaze na kumwaga mpaka yatoke meupe. Wino uliokauka miaka 50 hulainika ukipewa siku mbili tatu. Msitie kamwe wino wa masizi, wala wino wa wachoraji wenye gundi. Wino ule ni mzuri kwa kalamu ya tete, lakini huziba ile mifereji myembamba ya kijiulimi. Kalamu ya kijiti ubavuni msiilazimishe, maana kifuko chake cha mpira huenda kimeoza na kuwa kigumu kama ganda. Fundi hukibadilisha kwa gharama ndogo. Parker 51 kama ile ya Nyaramba ina nguvu zaidi: tuliijaza wino wa buluu jioni ile, ikaandika kama iliyonunuliwa jana.

Tena msiing'arishe kwa unga wala kwa mchanga mpaka maandishi ya ubavuni yakafutika. Kufuta maandishi hayo ni kumfuta baba wa mtu katika shajara ya ukoo wake.

La mwisho ndilo kubwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kumuuliza mnunuzi kalamu ina thamani gani, muulizeni bibi au shangazi aliyebaki ilinunuliwa wapi, kwa fedha gani, na nani alinuna siku hiyo. Muandike jibu lake, mtaje jina lake na tarehe, kama wafanyavyo waandishi wa misahafu mwishoni mwa kazi yao. Kalamu hungoja miaka 70 ndani ya mkebe. Bibi hangoji.